Paa liliezuliwa, nami nikasifiwa kwa unyenyekevu

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Nina miaka 58, mwalimu mstaafu. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 11, na miaka minne ya mwisho nimeongoza kamati ya ujenzi. Naomba jina langu na la mahali petu yasitajwe, maana haya nimewaambia watu wawili tu, mke wangu na mchungaji.

Jengo letu jipya lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 12. Ramani ilitaka kenchi 17 (fremu za mbao zinazobeba paa), yaani moja kila mita 1.5, papi (mbao zinazopigiliwa mabati) kila sentimita 90, mabati ya geji 28, na kila kenchi ifungwe kwa vyuma kwenye linta, boriti ya zege iliyo juu ya kuta. Tulipofika kwenye paa fedha zilikuwa zimekata, na siku ya kuingia kanisani ilikuwa imeshatangazwa. Nikaamua kenchi ziwe 11, papi ziachane hadi mita 1.2, na mabati yawe ya geji 30, ambayo ni membamba zaidi. Vyuma nikasema havina haja, misumari inatosha. Tuliokoa kama shilingi 3,100,000, na kamati ikanipigia makofi.

Kikaoni kulikuwa na binti mmoja, mjumbe wa vijana, mwenye diploma ya ujenzi. Alisimama kwa adabu akasema upepo wa kwetu unatoka bondeni, na madirisha ya upande ule bado hayana vioo, hivyo paa la namna hiyo halitahimili. Alikuwa na hesabu zake kwenye karatasi. Nilimjibu mbele ya wajumbe wote: "Mwanangu, kanisa la zamani lilijengwa na babu zenu wasio na diploma, na mpaka leo limesimama." Watu wakacheka. Akaikunja karatasi yake mara mbili, akaketi.

Mwezi wa tatu, Jumanne alasiri, upepo wa mvua uling'oa mabati 47 kati ya 160, upande wa madhabahu. Mungu ashukuriwe, hakuna aliyekuwamo. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kwamba adui ameijaribu kazi ya Bwana. Nilikuwa kiti cha mbele, nikasema amina. Kisha nikasimama mimi mwenyewe kutangaza changizo la shilingi 8,600,000. Mama mmoja anayeuza mchicha sokoni alikuwa wa kwanza kuja mbele.

Uchaguzi wa wazee umebaki miezi mitatu. Watu wananitaka niendelee, nami nimekataa, nikasema nimechoka na nawaachia vijana. Kumbe hapo ndipo nimejiletea sifa. Mchungaji alinisimamisha katikati ya ibada, akanitaja kuwa mfano wa unyenyekevu, akasoma Wafilipi 2. Siku ile chakula cha mchana hakikupita.

Mke wangu anasema nisimame Jumapili niseme yote. Mchungaji anasema: "Mzee, umeshatubu mbele za Mungu, yatosha. Usilivue kanisa nguo. Waumini wakijua, nani atatoa tena?" Na yule binti siku hizi haji vikaoni. Anasali ibada ya kwanza na kuondoka kabla ya matangazo. Tukikutana ananiamkia, "Shikamoo baba," anapita. Ile shikamoo inaniuma kuliko tusi.

Fundi anaanza kurudishia mabati Jumatatu ijayo. Je, niondoke kimya, au nitubu hadharani na kuuvunjia heshima uzee wa kanisa? Unyenyekevu uko wapi hapa?

Mzee wa Kamati

MAJIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Asante kwa barua iliyoandikwa kwa vipimo. Mtu anayetaka kujificha hasemi "mita 1.2", husema "tulibana matumizi kidogo". Kwa hiyo naichukulia barua yako kuwa kazi ya kusema kweli imeshaanza, japo kwa sasa anayeisoma ni mtu mmoja usiyemjua.

Unauliza uondoke kimya au utubu hadharani. Nikiisoma tena naona mambo manne yamefungwa kamba moja: paa, binti, fedha za waumini, na kiti chako cha uzee. Kiti ndicho kilichochukua nafasi kubwa. Si ajabu, maana aibu hufanya hivyo, humfanya mtu ajitazame mwenyewe hata pale anapodhani anamtazama Mungu. Naomba tuanze na lile uliloligusa kwa sentensi moja tu.

Mabati yaliyong'oka ni 47, kwa hiyo 113 bado yako juu, kwenye kenchi zilezile, kwa misumari ileile, na watu wanakaa chini yake kila Jumapili. Fundi anayekuja Jumatatu ameambiwa nini? Kama ameambiwa "upepo wa ajabu uliezua, rudishia", atarudishia. Mjumbe wenu aliyesema juu ya madirisha alijua alichokuwa anasema. Upepo ukiingia kwa upande ulio wazi na kukosa pa kutokea, husukuma paa kutoka ndani, wakati ule unaopita juu unalivuta kutoka nje. Bati jembamba huchanika kuzunguka kichwa cha msumari. Papi zikiachana, kila msumari hubeba zaidi ya fungu lake. Na kenchi iliyopangiwa mita 1.5 sasa inahudumia mita 2.4, yaani mzigo umezidi kwa asilimia 60. Hata mkinunua geji 28 safari hii, bati nene kwenye kenchi isiyofungwa linahamisha tatizo tu: bati halitachanika, kenchi ndiyo itakayonyanyuka. Kama ni kuongeza kenchi katikati, kusogeza papi au kufunga vyuma, hayo ayaseme mtaalamu aliyepanda na kuona kwa macho, mhandisi wa halmashauri au mwingine asiye na undugu na kamati.

Nimeliweka hili mbele kwa sababu linabadilisha swali lako. Mchungaji anasema umeshatubu mbele za Mungu na yatosha. Kwa habari ya roho yako, hilo ni kati yako na Mungu, sitaingia. Lakini bati halijui kwamba umesamehewa. Kuna sehemu ya habari hii ambayo si siri yako, ni taarifa ambayo fundi anaihitaji ili asiue mtu. Unaweza kuitoa hata kabla hujaamua lolote kuhusu toba ya hadharani. Inatosha kumwambia fundi: ramani ilitaka hivi, sisi tulifanya vile.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, unyenyekevu. Katika barua yako limeshikana na kushuka, kuondoka, kukaa nyuma. Ndivyo na waumini wenu walivyolielewa waliposikia umekataa kugombea. Lakini itazame Yohana 13. Yesu anavua vazi, anajifunga kitambaa, anawatawadha wanafunzi miguu. Halafu anavaa tena, anaketi mahali pake, anawaambia kwamba wanapomwita Mwalimu na Bwana wanasema vema, kwa kuwa ndivyo alivyo. Hakushusha cheo hata inchi moja ili aonekane mnyenyekevu, wala hakukitumia kukwepa miguu yenye vumbi. Cheo chake alikisema kilivyo. Nadhani hapo ndipo uzito ulipo: mnyenyekevu hujipima kwa kipimo kilekile anachowapimia wengine. Mwalimu wa hesabu angelielewa hilo upesi.

Kwa kipimo hicho, kukataa kwako kugombea kunaweza kuwa unyenyekevu au kinyume chake, inategemea sababu uliyoitoa. Umesema umechoka. Je, umechoka kweli? Sikusuti. Nauliza kwa sababu sifa ile iliyokunyima chakula cha mchana, nadhani haikukuuma kwa kuwa ilikuwa kubwa mno. Ilikuuma kwa kuwa ilikuwa ya mtu mwingine.

Biblia ina wafalme wawili waliokiri. Sauli, katika 1 Samweli 15, anasema amekosa, na pumzi haijakata anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Daudi, katika 2 Samweli 12, anajibu kwa maneno machache, "Nimemfanyia Bwana dhambi," hana ombi lolote. Daudi alibaki kwenye kiti, na nyumba yake ikalipa sana. Sauli naye hakuondoka siku ile. Ukitafuta humo kanuni ya nani abaki na nani aondoke, utaikosa. Utakachokipata ni tofauti ya kinachofuata baada ya neno "nimekosa".

Mchungaji wako ana hofu ambayo si ya kipuuzi. Watu wakihisi wamedanganywa, mikono hufunga. Ila hesabu yake imeacha kitu. Walioko kikaoni siku ile wanajua, na fundi wa kwanza anajua kenchi zilikuwa ngapi. Siri ya watu kumi na zaidi si siri, ni deni ambalo tarehe ya kulipwa haijapangwa. Tena naye mwenyewe alihubiri habari za adui. Sijui kama wakati ule alikuwa ameshajua. Kama hakujua, ukweli wako utamwacha peke yake mimbarini na mahubiri yale. Huenda ndiyo maana anakutuliza, na huenda hata yeye hajajiuliza. Kwa hiyo, lolote utakaloamua, asilisikie kwanza siku moja na waumini. Mpe nafasi ya kurekebisha kauli yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Na hofu yako, kwamba kukiri kutauvunjia uzee heshima? Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, akiwa bado rais, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Alivitaja kwa majina. Hakusema "kulikuwa na changamoto za hapa na pale". Mpaka leo watu wanabishana kuhusu sera zake, lakini kukiri kule si kitu anachodharauliwa nacho.

Ushauri wa mkeo, kwamba usimame useme yote, una mizizi mirefu katika eneo letu. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kagera, ulijengwa juu ya jambo hilohilo: watu kusimama na kutaja dhambi zao mbele za wenzao, bila kumngoja mtu awafichue. Uliwaweka wachungaji na wapishi wao katika benchi moja. Lakini waliokulia humo wanajua pia pale unapopotoka. Toba ya hadharani inaweza kugeuka ushuhuda mtamu ambao shujaa wake ni mwenye kutubu: analia, watu wanaimba, anakumbatiwa, na Jumatatu hakuna kilichobadilika kwenye paa. Hatari nyingine ni kusimulia makosa ya wenzako ndani ya toba yako. Ya tatu husahaulika: kukiri kuliko fungu lako. Ukisema "mimi ndiye niliyeliangusha kanisa", umezidisha. Upepo ulikuwepo, kamati ilipiga makofi, tarehe ya sherehe ilitangazwa na wengi. Fungu lako ni kubwa, lakini lina mipaka, na kulikuza ni namna nyingine ya kukaa katikati ya picha.

Ipo njia ya kati, yenye matatizo yake pia. Ni kuandika ukurasa mmoja na kuupeleka kwenye baraza la wazee, ili baraza ndilo liwaambie waumini kwa matangazo ya kawaida. Ukurasa huo useme ramani ilitaka nini, kilichofanyika ni nini, nani aliamua, nani alionya na kwa maneno gani, kimegharimu kiasi gani, na paa sasa litachunguzwa na nani. Epuka sentensi za aina mbili. Ya kwanza ni "makosa yalifanyika", ambayo haina mtendaji. Ya pili ni "kama kuna niliyemkwaza", wakati unamjua uliyemkwaza na unajua alivyoikunja karatasi yake. Neno "lakini" likijitokeza, futa kuanzia hapo hadi nukta. Ubaya wa njia hii ni kwamba baraza linaweza kuupokea ukurasa wako kwa heshima na kuuzika kwenye faili. Au linaweza kukutupia mzigo wote ili wengine watoke safi. Paulo anamwandikia Timotheo (1 Timotheo 5:19-20) kwamba shtaka juu ya mzee lisipokewe pasipo mashahidi wawili au watatu, na kwamba wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Kulindwa na kuwajibishwa, pamoja. Jiulize kama baraza lenu lina uwezo wa yote mawili.

Kuhusu yule binti ningependa tukae kidogo, maana nadhani ndiye jeraha halisi.

Mchungaji alikusomea Wafilipi 2. Aya ya 3 inasema kila mtu "na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake". Kikaoni palikuwa na mtu aliyekuwa bora kuliko wewe katika jambo lililokuwa mezani, na hilo lilikuwa wazi kwenye karatasi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa Peramiho na Ndanda wanaifuata hadi leo, inaagiza katika sura ya 3 kwamba panapokuwa na jambo zito abati, yaani mkuu wa monasteri, aite jumuiya yote, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Uamuzi bado ni wa abati. Ila hawezi kusema hakusikia. Wewe ulikuwa na haki ya kuamua, Mwalimu. Kicheko ndicho ambacho hukuwa na haki nacho.

Namna ya kumwendea ina mitego. Ukimwita nyumbani kwako, atakuja kwa sababu wewe ni mzee, na atakusamehe kwa sababu wewe ni mzee. Anayekuamkia shikamoo hana nafasi ya kukuambia "bado sijakusamehe". Pengine ni afadhali umfuate mahali ambapo anaweza kuondoka, kukiwa na mtu mmoja anayemwamini, useme kwa ufupi: ulisema kweli, nilikudhihaki, na ningetaka kulisema hilo palepale nilipokudhihaki, kama wewe unataka. Halafu uondoke kabla hajalazimika kujibu. Inawezekana hataki kutajwa kikaoni. Inawezekana amechoka kuwa habari. Likiwa hivyo, heshimu, hata kama wewe ungepata nafuu zaidi kwa kusema.

Usimwombe akupigie hesabu mpya bure kama ishara ya upatanisho. Ni jambo ambalo wazee wengi wangelifanya kwa nia njema, na kwake lingekuwa kazi ya ziada kwa kosa la mwingine. Kama kamati inahitaji utaalamu wake, imlipe. Na kuna kitu kidogo unachoweza kukifanya ukiwa peke yako: fungua kumbukumbu za kikao kile uone kama onyo lake liliandikwa. Mara nyingi haliandikwi. Mwenyekiti anaweza kuomba kikao kijacho kisahihishe kumbukumbu, na hapo jina lake litakaa mahali ambapo mwenyekiti yeyote ajaye atalisoma.

Fedha nitazigusia tu. Unaweza kuwaza kulipa kutoka kwenye pensheni yako, ukimkumbuka Zakayo aliyeahidi kuwarudishia watu mara nne. Ni wazo zuri likiwa mkeo amekubali na likiwa baada ya ukweli kusemwa. Kabla ya hapo, ni bei ya ukimya. Waliotoa, pamoja na yule mama wa mchicha, waliambiwa wanampinga adui. Yafaa waambiwe walichokuwa wanakilipia, kisha waamue wenyewe kama wameudhika.

Kuhusu uchaguzi, unaweza kubaki na kukataa kwako ila ukabadilisha sababu, hata kwa mchungaji tu kwa kuanzia: "Sigombei kwa sababu ya paa, na ile sifa naomba usiirudie." Unaweza kugombea ukiwa umesema yote, ukawaachia waumini kura wakijua wanampigia nani, hapo uwe tayari kushindwa vibaya, tena mbele ya wanafunzi wako wa zamani. Au unaweza kujiuzulu kamati sasa, kabla ya uchaguzi, jambo linaloonekana safi lakini linawaachia wengine jengo ambalo wewe ndiye unayejua lilivyofungwa. Sioni iliyo rahisi. Naona tu kwamba zote zinakuwa nyepesi kidogo paa likishashughulikiwa, na zote zinaoza likiachwa.

Umeandika kwamba fundi anaanza Jumatatu. Barua hii ikikufikia kabla ya hapo, namba yake ya simu unayo.

Mshauri